Nibadilishe taa za IST yangu ziwe LED?

*"Nina Toyota IST ya 2005. Nakaa Kibamba na kazi iko Posta, kwa hiyo karibu kila siku narudi usiku kwa Barabara ya Morogoro, na mara moja moja nasafiri hadi Morogoro mjini. Taa za mbele ni hafifu mno. Mvua ikinyesha ni kama sijawasha kitu. Fundi wa Gerezani ananishauri nifunge LED za H4, shilingi 90,000 kwa jozi. Boksi linasema wati 200, lumeni 20,000, rangi 6500K. Jirani yangu kafunga za namna hiyo. Mbele ya gari lake panang'aa sana, lakini magari yanayokuja yanamwashia fulu muda wote, redio inakwaruza akiwasha taa, na indiketa alizobadilisha zinapiga haraka haraka. Yeye anasema watu wana wivu. Nifunge au nisifunge? Na taa nyingine za nje, zipi zinafaa kubadilishwa?"*

Ndugu yangu, pole na hizo safari za usiku. Nianze na lile unalotaka kujua kwanza: LED hizo usizifunge, angalau si sasa. Gari la umri huo likiwa na taa hafifu, mara nyingi lina kasoro ambazo balbu mpya haiziondoi, iwe ya aina gani. Ama kioo cha taa kimefubaa, ama umeme unaofika kwenye balbu umepungua, ama taa zimelengwa vibaya. Ukifunga LED juu ya kasoro hizo utapata mng'ao mwingi bila kuona vizuri zaidi. Taa za nyuma na zile ndogo ni habari nyingine. Huko LED ina faida ya kweli, nitakufikisha.

Kuhusu jirani, wanaomwashia fulu hawana wivu naye. Wanamwambia kwamba hawaoni, na ana kila sababu ya kuwasikiliza, maana dereva aliyepofuka kwa sekunde mbili tatu anaweza kuhamia upande wake.

Sababu yenyewe ni hii. Taa ya mbele si balbu peke yake. Kazi ya kuupeleka mwanga barabarani inafanywa na reflekta, lile bakuli linalong'aa nyuma ya balbu, na reflekta ya IST yako ilichongwa kwa hesabu ya balbu moja tu, H4 ya halojeni. Ichomoe uitazame kwa karibu. Ndani utaona nyuzi mbili: wa fulu, wati 60, na wa dimu, wati 55. Chini ya ule wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma. Kikombe hicho kinazuia mwanga wa dimu usifike nusu ya chini ya reflekta, kwa sababu mwanga unaogonga huko ndio unaorushwa juu, machoni mwa anayekuja. Nusu ya juu peke yake ndiyo inayofanya kazi, na inausukuma mwanga kwenda chini barabarani. Ndiyo maana dimu nzuri ikimulika ukutani inachora mstari: chini mwanga, juu giza. Na kwa gari la Japani, ambako wanaendesha kushoto kama sisi, mstari huo hupanda kidogo upande wa kushoto ili umwone mwenda kwa miguu au bodaboda isiyo na taa, huku kulia ukibaki chini.

Sasa LED haina uzi. Ina chipu bapa zilizobandikwa pande mbili za kibamba cha chuma, kila moja ikimulika upande wake. Kibamba kikiwa kinene, au chipu zikikaa hata milimita moja mbele au nyuma ya pale uzi ulipokuwa, reflekta inapokea mwanga kutoka mahali ambapo haikutengenezewa na kuutupa ovyo, mwingine mbele ya bampa, mwingine juu ya mstari. Wenye viwanda wanalijua hili. Ujerumani ilipoidhinisha kwa mara ya kwanza balbu ya LED ya kubadilishia halojeni, mwaka 2020, ya Osram aina ya H7, kibali hakikutolewa kwa balbu kutumika kwenye gari lolote. Kilitolewa kwa orodha ya magari ambayo taa zake zilipimwa pamoja na balbu hiyo. Balbu ile ile ikiwekwa kwenye gari lisilo kwenye orodha haina ruhusa.

Ule weupe mbele ya bampa ndio unaomdanganya jirani yako. Mboni ya jicho hujibana kufuata mwanga mkali ulio mbele yake, kwa hiyo mita 10 za kwanza zikiwa nyeupe sana, kilicho mita 60 mbele kinazidi kupotea. Piga hesabu. Kwa kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Kushtuka na kuufikisha mguu kwenye breki, sekunde moja na nusu, ni mita 33. Breki yenyewe kwenye lami kavu inakula 35 hivi. Jumla karibu mita 70. Lori lililozimika njiani bila pembetatu huko Mlandizi unahitaji kuliona kabla ya hapo, na mwanga unaomwagika karibu na bampa haukusaidii hata kidogo.

Yale maandishi ya kwenye boksi usiyape uzito. Wati 200 kwa volti 13.5 ni karibu ampea 15, wakati waya za taa zako zilipangwa kwa wati 55 kila upande, ambazo ni ampea 4 na ushee. Mwambie fundi mwenye klampu ya kupimia ampea aizungushie kwenye waya wa balbu hizo zikiwa zimewaka. Ikisoma ampea 2, basi unayo balbu ya wati 27, hata boksi liandike nini. LED ya wati hizo ikitengenezwa vizuri hutoa lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, elfu mbili na kidogo. Halojeni ya H4 imewekewa kiwango cha lumeni 1,000 kwenye dimu na 1,650 kwenye fulu. Tofauti ipo, ila si mara ishirini, na inayopotelea mahali pabaya haikufai kitu.

Rangi nayo. Ile K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga. Halojeni iko kwenye kelvini 3,200 hivi, njano laini. Hiyo 6500K ni nyeupe inayoelekea bluu, na mwanga wa namna hiyo unachoma macho zaidi, ya anayekuja na ya kwako mwenyewe unaporudi kutoka kwenye matone ya mvua na vumbi. Lakini tusiisingizie balbu kila kitu. Lami iliyolowa huakisi mwanga kwenda mbele badala ya kuurudisha kwako, kwa hiyo usiku wa mvua barabara itaonekana nyeusi kwa taa yoyote ile. Dawa yake ni kupunguza mwendo, wipa zisizoacha michirizi na kioo cha mbele kisicho na mafuta kwa ndani. Futa kioo hicho kwa ndani leo hii, utashangaa.

Tuje kwenye matengenezo. Anza na "vioo" vya taa, ambavyo kwa kweli ni plastiki ya polikaboneti yenye ngozi nyembamba ya kuikinga na jua. Jua la Dar likishaila ngozi hiyo plastiki inageuka njano yenye ukungu. Mwagia maji. Kama kioo kinakuwa angavu kikiwa kimelowa kisha kinafifia kikikauka, uharibifu uko nje na unatibika. Kama hakibadiliki, ukungu uko ndani, au reflekta yenyewe imebabuka, na hapo msasa hauna kazi. Tafuta taa nzima iliyo safi.

Kwa ule wa nje, osha taa, bandika tepu kwenye rangi ya gari inayoizunguka, kisha piga msasa wa maji namba 1000, halafu 1500, halafu 2000, kila mara ukibadili mwelekeo wa mkono ili mikwaruzo ya msasa uliotangulia iishe yote kabla hujahama. Usiogope kioo kikionekana cheupe kabisa, ndivyo inavyotakiwa. Malizia kwa polishi, futa kwa spiriti, kisha pulizia klia ya magari, ile rangi angavu isiyo na rangi, yenye kinga ya jua. Klia ndiyo wengi wanaiacha, na bila hiyo unjano unarudi baada ya miezi michache. Dawa ya meno inang'arisha kwa wiki kadhaa tu, kwa sababu haiachi kinga yoyote nyuma.

Pili, umeme. Hapa ndipo watu wengi wanapoteza mwanga bila kujua, kwa sababu mwanga wa halojeni unashuka upesi kuliko volti: ukipoteza asilimia 10 ya volti, unapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Washa injini na taa za dimu. Pima kwenye betri. Unatarajia kati ya 13.8 na 14.4. Kisha chomeka ncha za multimita nyuma ya soketi ya balbu, kwenye pini mbili zinazolisha uzi wa dimu, taa ikiwa inawaka, maana ukipima soketi ikiwa wazi utasoma volti nzuri za uongo. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna mahali umeme unakwama. Angalia soketi yenyewe kwanza. Ikiwa plastiki imegeuka kahawia au pini zimelegea, badilisha. Zipo za kauri na bei yake ni ndogo. Kisha tazama pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi. Kwa magari yanayolala karibu na bahari, au yanayovuka kivuko cha Kigamboni kila siku, kutu inajificha hapo. Fungua boliti, kwangua hadi chuma king'ae, kaza, paka grisi.

Volti zikiendelea kuwa chini, fundi umeme anaweza kufunga rilei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) mbili, moja ya dimu na moja ya fulu, zinazochukua umeme moja kwa moja kutoka betri kupitia fyuzi, kwa waya wa milimita za mraba 2.5. Swichi ya kwenye usukani inabaki kuamrisha tu. Akumbuke jambo moja: Toyota nyingi za zamani huwasha taa kwa kukata na kuunga upande wa hasi, si chanya, kwa hiyo seti ya rilei iliyopangwa kwa magari mengine haitafanya kazi, au dimu na fulu zitawaka pamoja.

Tatu, ulengaji. Tafuta sehemu tambarare yenye ukuta, jaza upepo sawasawa, keti kwenye kiti cha dereva au mkalishe mtu wa uzito wako. Simamisha gari mita 10 kutoka ukutani, likiutazama wima. Pima kutoka chini hadi katikati ya balbu. Tuseme umepata sentimita 68. Mstari wa dimu ukutani uwe sentimita 58, yaani 10 pungufu. Ukikosa nafasi, mita 5 na sentimita 5 ni sawa na hiyo. Skrubu za kurekebishia ziko nyuma ya taa, unazifikia boneti likiwa wazi. Geuza kidogo kidogo, upande mmoja ukiwa umefunikwa kwa kitambaa kwa dakika chache tu, usije ukachoma plastiki. Na kama gari lako limenyanyuliwa kwa spesa, jambo ambalo IST nyingi za hapa mjini zimefanyiwa kwa ajili ya barabara za mitaani, basi ulengaji wa kiwandani umekwisha kuharibika. Mbele ikinyanyuliwa peke yake, taa zinatazama juu. Nyuma ikinyanyuliwa zaidi, zinamulika miguuni pako. Kazi hii haikugharimu kitu, na kwa maoni yangu ndiyo inayoleta mabadiliko makubwa kuliko zote.

Baada ya hapo nunua jozi mpya ya H4 halojeni ya 60/55 kutoka kampuni inayojulikana, kama Osram au Philips. Badilisha zote mbili kwa pamoja, na usishike kioo cha balbu kwa vidole, mafuta ya ngozi huifanya ipasuke. Zile zinazotangazwa kuongeza mwanga kwa asilimia 100 au zaidi zinaongeza kweli mahali fulani pa barabara, lakini uzi wake huchoka mapema. Kwa safari zako ningezichagua. Zilizopakwa bluu ziache, rangi ile inakula mwanga. Na usishawishike na H4 za wati 100/90. Zinavuta ampea zaidi ya 8 kila moja kwenye fulu, soketi zinayeyuka na reflekta inababuka.

Nimekueleza yote hayo, lakini huenda bado unazitaka LED. Sawa, basi zikamatie masharti. Chagua zenye kibamba chembamba, kikombe cha chuma chini ya chipu za dimu, na rangi kati ya 4300K na 5000K. Patana na muuzaji kwamba utajaribu kabla ya kulipa. Funga LED upande mmoja, acha halojeni upande wa pili, simama mita 10 kutoka ukutani jioni, funika moja moja ulinganishe. Chipu zitazame kushoto na kulia, kamwe si juu na chini. Pete ya balbu hulegezwa kwa ufunguo mdogo wa pembe sita ili kuizungusha. Mstari wa LED uwe mkali na uwe pale pale ulipo wa halojeni. Ukiona mwanga umetapakaa juu ya mstari, zirudishe. Hiyo haitibiwi kwa kuinamisha taa, kwa sababu ukiinamisha unaondoa mwanga wa mbali wote.

Zikifaulu hapo, ziache ziwake nusu saa injini ikiunguruma, kisha tazama tena ukutani. LED inachukia joto, na feni ndogo ya nyuma yake ikiwa dhaifu na kushindwa kuipoza, balbu hujipunguzia mwanga yenyewe. Hakikisha mpira wa nyuma wa taa unarudi mahali pake. Mafundi wengi huukata ili feni ipite, na mvua ya kwanza ya masika taa inajaa jasho. Washa redio kwenye stesheni dhaifu ya FM, injini ikiwa imezimwa, kisha washa taa. Kukwaruza kunatoka kwenye kile kiboksi cha kuendeshea LED, ambacho hukata na kuunga umeme mara maelfu kwa sekunde. Kukisogeza mbali na waya wa antena au kubana kipande cha feraiti (kile kidude cheusi kinachozuia kelele za umeme) kwenye waya husaidia wakati mwingine, lakini kiboksi duni hakitengenezeki. Mwisho tazama dashibodi: kwa sababu ya ule mfumo wa hasi wa Toyota, taa ya bluu ya fulu inaweza kukataa kuwaka au kubaki imewaka hafifu. Tafuta LED iliyotengenezwa kuvumilia mfumo huo.

Sasa zile nyingine, na hapa nakuunga mkono. Taa za breki ndizo ningeanza nazo. Uzi wa balbu ya kawaida unachukua karibu sekunde 0.2 kupata moto wa kutosha, LED inawaka papo hapo, na kwa kilomita 80 kwa saa hizo ni mita 4 na zaidi anazozawadiwa aliye nyuma yako. Nunua LED nyekundu kwa kioo chekundu, si nyeupe, kwa kuwa LED nyeupe ina wekundu kidogo na ikipita kwenye kioo chekundu inatoka hafifu, ya waridi. Kisha mwite mtu asimame mita 30 nyuma mchana wa jua: je, anatofautisha wazi taa ya usiku na breki? Kama hatofautishi, zirudishe.

Taa za paki na za namba, zile balbu ndogo za T10 za wati 5, badilisha bila wasiwasi. Isipowaka ichomoe uigeuze, LED ina upande. Nyeupe tu mbele, bluu usiweke. Taa ya rivasi pia ni nyeupe.

Indiketa ziache kama zilivyo, isipokuwa uko tayari kubadilisha na fleshi rilei, ile inayozifanya zipige. Balbu ya wati 21 inavuta ampea 1.75, LED inavuta sehemu ndogo tu ya hiyo, na rilei ikiona mzigo umepungua inadhani balbu imeungua, ndipo inapiga haraka kukuonya. Suluhisho safi ni rilei ya elektroniki ya LED yenye pini zinazolingana na ya kwako. Hesabu pini na soma maandishi ya ile ya zamani kabla hujaenda dukani. Wengine hufunga rezista ya omu 6. Inafanya kazi, lakini kila inapowaka inageuza zaidi ya wati 30 kuwa joto, na ukiacha hazadi ikipiga kwa nusu saa itayeyusha plastiki yoyote iliyoigusa. Ikibidi, ifungwe kwa skrubu kwenye chuma, na waya ziunganishwe kwa kulehemu, si kwa kunyongwa na tepu.

Lipeleke gari kwa fundi umeme, usijaribu mwenyewe, ukiona fyuzi ya taa inaungua tena baada ya kubadilishwa, swichi ya usukani inapata moto, kuna harufu ya plastiki, au taa zinapanda na kushuka kufuata mafuta unayokanyaga. Hiyo ya mwisho inaelekeza kwenye alteneta, inayochaji betri. Mtake apime kwa multimita mbele yako. Anayetaka kubadilisha kitu kabla ya kupima, mwache.

Na kama ukimaliza yote haya, taa zikapimwa zikaonekana nzuri, lakini bado kila taa inayokuja unaiona imezungukwa na duara la mwanga, au wenzako kwenye kiti cha abiria wanaona kitu kabla yako, basi nenda ukapimwe macho. Mtoto wa jicho na miwani iliyopitwa na wakati huanza kujitokeza usiku barabarani kabla ya mahali pengine. Hospitali ya CCBRT, Msasani, ina kliniki ya macho. Hadi utakapopimwa, jioni rudi kwa basi au mwombe mwenzako aendeshe.